Tundu la Msumari

Mwaka wa matubwitubwi nililazwa chumba cha nyuma,
Kuze, ghorofa ya kwanza, mashavu yamefura,
kilemba cha kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni.
Dirisha halikuwa likifunguliwa.
Shangazi Mwanasiti alilipigilia misumari kwa mkono wake
tangu siku Bi Zuwena wa ng'ambo ya kichochoro
aliporudisha mbuzi wa kukunia nazi akiwa kibogoyo,
akaapa kwamba alimchukua hivyo hivyo.

Msumari mmoja ulikula kutu, ukadondoka.
Hakuna aliyeona.
Ila saa tatu asubuhi, jua likigonga ukuta wa Bi Zuwena,
kichochoro chote kiliingia chumbani
kupitia tundu lisilotosha mbaazi,
kikajitandaza kwenye chokaa mbele yangu,
juu chini, chini juu,
na rangi zake zote.

Muuza kahawa alipita kwa nyayo darini,
dele likielekeza makaa yake mbinguni,
na mbingu yenyewe ilikuwa chini, kando ya mto wangu.
Halikumwagika tone.
Paka wa msikitini alifuata, akajikuna, akaendelea.
Nilidhani ni homa.
Siku mbili sikumwambia mtu.

Siku ya tatu Taherali, mpiga picha wa ghorofa ya chini,
alipanda na ndimu nne na pole zake.
Akaona. Akakaa kimya kama aliyeingia ibadani amechelewa.
Kisha akaziba tundu kwa kidole: kichochoro kikafa.
Akaondoa: kikafufuka, na mkokoteni juu yake.
"Nuru haijui kukata kona," alisema.
"Itokayo juu hutua chini, itokayo chini hupanda,
zinapishana hapa, kama watu mlangoni.
Kamera yangu ni chumba hiki tu, kilichopungua.
Na jicho lako pia. Humo ndani sote tumesimama kwa kichwa.
Ubongo ndio unaotugeuza, kutwa, bila ujira."
Nikafumba jicho moja. Nikaanza kuuonea huruma ubongo.

Sasa, kila Ijumaa Bi Zuwena alianika kanga ile ile,
ya zambarau, jina lake likitazama dirisha letu.
Nilining'iniza kichwa ukingoni mwa kitanda nisome:
herufi zilikuwa wima, lakini zikirudi nyuma,
kama mtu anayesema huku akivuta pumzi ndani.
Nikachukua kioo cha wanja cha shangazi.
Kioo kikazigeuza, moja moja, kwa subira ya mwalimu:
ULIYEMPA KISOGO BADO ANAKUONA.

Nikamwambia shangazi. Akaniuliza kama nimemeza dawa.

Ila kesho yake, saa tatu, alikuja,
akaketi kitandani, mikono mapajani,
akamtazama Bi Zuwena akitembea kichwa chini
na beseni lake, akianika mashuka,
mkono wa kulia ukitetemeka kwenye kibanio,
kibanio kikidondoka kwenda juu.
"Ameanza kutetemeka lini?" aliuliza.
Sijui alimuuliza nani.

Akashuka kwa Taherali kuazima nyundo.

Misumari kumi na mmoja iling'oka ikilia.
Jua likaingia bila adabu, na harufu ya mahamri,
na sauti mbili zikapishana juu ya kichochoro
(ni nani alianza, meno yalikuwa mangapi,
mkono huo umeonyesha kwa daktari?)
wakagombana tena, wakacheka, wakagombana.

Mimi niligeukia ukuta wangu.
Chokaa tupu. Ufa mmoja, na mjusi.
Nikalia kwa kwikwi, na wote wawili
wakakubaliana kwa mara ya kwanza: ni matubwitubwi.
Bi Zuwena mwenyewe alivuka na bakuli la uji wa mchele.
Tui lilikuwa zito, limekunwa vyema,
bila shaka kwa mbuzi mwenye meno.
Nikaunywa wote. Sikusema.